Kila Tabaka Si Mafuriko: Uhakiki wa Usomaji wa Mashapo ya Ziwa Kivu na Historia ya Mto Rusizi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna mashapo ya Ziwa Kivu yanavyosomwa kwa lengo la kujenga upya historia ya mafuriko ya kale katika bonde la Mto Rusizi. Hoja kuu ni kwamba usomaji huo una thamani kubwa, lakini hudhoofika pale maswali matatu yanapochanganywa: ni mto upi unaozungumziwa, ni tukio la aina gani lililoweka tabaka, na ni saa ipi iliyotumiwa kuhesabia miaka. Makala inapendekeza kwamba matukio yanayojulikana ya miaka ya 2002, 2008 na 2023 yatumiwe kuwa mizani kabla ya tabaka la kale kuitwa tabaka la mafuriko. Aidha, inapendekeza kwamba Kiswahili cha taaluma kitenge istilahi zake ili neno moja lisibebeshwe mizigo ya maneno matatu.

1.0 Utangulizi

Mto Rusizi huanzia pale Ziwa Kivu linapoishia, kati ya mji wa Bukavu na eneo la Kamembe katika wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huijua kwa jina la Cyangugu. Kutoka kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, mto huu hushuka kupitia makorongo hadi tambarare ya Bugarama, kisha huendelea hadi Ziwa Tanganyika, lililo kwenye kimo cha mita 770 hivi. Mteremko wa karibu mita 700 katika mwendo wa kilomita 117 hivi ndio uliowavutia wajenzi wa mabwawa ya umeme: Ruzizi I mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi II mwaka 1989, na Ruzizi III ambalo limekuwa katika mipango kwa miaka mingi.

Anayejenga bwawa, anayelima mpunga Bugarama na anayeishi Gatumba, karibu na mahali mto unapoingia Tanganyika, wote wana swali moja: maji yaliwahi kufika wapi, na yanaweza kurudi baada ya muda gani? Vipimo vya mvua na vya kina cha mito katika eneo hili havivuki enzi za ukoloni. Tukio linalotokea mara moja katika miaka 500 haliwezi kukadiriwa kwa uhakika kutokana na daftari la miongo michache. Hapo ndipo tope la ziwani linapoitwa kutoa ushahidi.

Utaratibu wenyewe unaeleweka kwa urahisi. Bomba refu hushushwa hadi sakafu ya ziwa na kutolewa likiwa na mche wa tope, kama vile mtu asemavyo mche wa sabuni. Mche huo hupasuliwa kwa urefu. Katika miaka ya utulivu, chembe laini na mabaki ya mwani huzama polepole na kufanya matabaka membamba. Mto ukifurika, huleta mchanga, udongo wa vilimani na vipande vya majani. Maji hayo mazito huweza kupiga mbizi chini ya maji ya ziwa na kutandaza tabaka nene la rangi tofauti. Watafiti hupima ukubwa wa chembe, nguvu ya sumaku ya tope na kiasi cha titaniamu, kwa kuwa madini hayo hutoka nchi kavu. Umri wa matabaka hukadiriwa kwa kaboni 14. Baada ya hapo, matabaka ya aina hiyo huhesabiwa na mfululizo wa mafuriko huandikwa.

Makala hii haipingi utaratibu huo. Inachohoji ni hatua ya mwisho, yaani safari kutoka tabaka linaloonekana hadi tukio linalodaiwa.

2.0 Somo la mto uliosomwa kinyume

Rusizi una historia yake katika suala la ushahidi na nadharia. Mwaka 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Tanganyika wakiwa na matumaini kwamba mto ulioko kaskazini mwa ziwa hilo hutoka ziwani na huenda ukawa chanzo cha Nili. Speke alikuwa amemsikia mfanyabiashara Hamid bin Sulayyam na kuelewa kwamba mto hutoka. Walipofika Uvira, wana wa mtawala wa hapo waliwaambia kwamba Rusizi huingia ziwani. Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkalimani, naye alieleza kwamba maneno ya Hamid yalieleweka visivyo, kwani Hamid alisema mto huingia.

Burton aliuandika ushahidi huo. Hata hivyo, miaka sita baadaye, katika mabishano yake kuhusu chanzo cha Nili, alirudi kutetea kwamba Rusizi hutoka ziwani, kwa sababu nadharia yake ilihitaji iwe hivyo. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mashua hadi mlangoni mwa mto na kuona maji yakiingia, kama wenyeji walivyokuwa wamesema tangu awali.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, kosa lilianzia katika lugha: tofauti ya kuingia na kutoka ilipotea njiani kati ya msemaji na msikilizaji. Pili, ushahidi uliokuwa umekwisha kupatikana uliwekwa kando ili kuihifadhi nadharia. Msomaji wa mashapo yuko katika hatari hizo hizo mbili. Anaweza kukosa neno la kutenga matukio yanayofanana, na anaweza kulisikia tope likisema kile alichokuja kukitafuta.

3.0 Mto usioandika katika ziwa lake

Swali la kwanza la uhakiki ni la jiografia. Rusizi hutoka Kivu, hauingii humo. Kwa sababu hiyo, mashapo ya Kivu hayawezi kuwa daftari la mafuriko ya Rusizi wenyewe. Yanachohifadhi ni habari za mito inayomwaga maji yake ndani ya ziwa, kama Sebeya upande wa Rubavu na vijito vya Kalehe upande wa Kivu ya Kusini. Kusema kwamba matabaka ya Kivu yanaonyesha mafuriko ya Rusizi ni kurudia, kwa njia nyingine, kosa la Burton la kugeuza mkondo.

Zaidi ya hayo, ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,370 hufanya kazi ya bwawa la asili. Mvua kubwa ya siku tatu hulipandisha kidogo tu, na maji hayo hutoka taratibu kwa wiki na miezi. Ndiyo maana mafuriko ya ghafla katika sehemu ya chini ya Rusizi hayatokani hasa na Kivu, bali na mito inayojiunga njiani: Rubyiro inayopita kwenye mashamba ya mpunga ya Bugarama, Ruhwa ulioko mpakani mwa Rwanda na Burundi, na mingine inayoshuka kutoka milimani pande zote mbili. Daftari la mafuriko hayo, kama lipo, liko katika tambarare yenyewe na katika delta iliyoko kaskazini mwa Tanganyika.

Hata huko, msomaji hana budi kuwa mwangalifu, kwa kuwa Tanganyika lenyewe hupanda na kushuka. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alitambua Lukuga kuwa mlango wa kutokea maji ya ziwa hilo. Mwaka 1876 Stanley aliukuta umezibwa na matope na mimea, huku ziwa likiendelea kujaa. Muda mfupi baadaye kizuizi kilivunjika, na mwaka 1879 mmishonari Edward Hore aliyaona maji yakitoka kwa kasi. Miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa kiasi cha mita kumi hivi. Ufuko wa delta ya Rusizi ulisogea. Mahali palipokuwa na tope la kina kirefu pakakaribia mchanga wa mlangoni mwa mto. Mtafiti atakayekuta chembe kubwa katika tabaka la wakati huo anaweza kuziita mafuriko, ilhali zililetwa na kushuka kwa ziwa.

Hata hivyo, kuna tukio moja la Rusizi ambalo Kivu inalishuhudia moja kwa moja, nalo ni kuzaliwa kwa mto huo. Inakubalika kwa upana kwamba zamani maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini, hadi milima ya volkano ya Virunga ilipoziba njia. Maji yalikusanyika, ziwa likapanda, na hatimaye likafurika upande wa kusini. Kazi za Robert Hecky na Egon Degens za mwaka 1973, zilizotokana na miche ya tope iliyotolewa mwanzoni mwa miaka hiyo ya sabini, ziliweka msingi wa kulielewa tukio hilo. Makadirio ya kawaida hulipa umri wa takriban miaka 10,000.

Nguvu ya hoja hiyo ni kwamba haitegemei ziwa moja. Kivu lilipofurika, chumvi zake zilianza kuingia Tanganyika, na mabadiliko ya kikemia yakaonekana katika mashapo ya huko pia. Wahakiki wa miswada ya tenzi wanaijua thamani ya hali kama hiyo: nakala moja inaweza kuwa na kosa la mnakili, lakini nakala mbili zilizotunzwa mbalimbali zikikubaliana, msomaji hupata mahali pa kusimama. Kuzaliwa kwa Rusizi kuna nakala mbili. Matabaka mengi yanayoitwa mafuriko yana nakala moja tu.

4.0 Tabaka moja, sababu nyingi

Swali la pili ni la chanzo. Mkondo mzito wa tope unaotelemka kwenye sakafu ya ziwa unaweza kuanzishwa na mto uliofurika. Unaweza pia kuanzishwa na tetemeko la ardhi lililotikisa mteremko wa chini ya maji, na ukingo wa mlima ulioporomokea ziwani, na delta iliyolemewa na mzigo wake mwenyewe, au na kushuka kwa ziwa kunakoyaacha matope ya zamani wazi kwa mmomonyoko. Katika Bonde la Ufa, ambapo mvua, mitetemeko na volkano ni majirani, sababu hizo zote ziko karibu.

Kazi mbili kuhusu Kivu zinafaa kuwekwa bega kwa bega. Mwaka 2014, Zhang, Scholz, Hecky na wenzao walichapisha katika jarida la Geology makala ambayo kichwa chake chenyewe kinadai kwamba hali ya hewa ndiyo iliyotawala matabaka ya mikondo ya tope katika ziwa hilo. Mwaka 2017, Votava, Johnson na Hecky walichapisha katika jarida la PNAS makala inayodai kwamba rekodi ya chokaa katika mashapo ya Kivu inaakisi historia ya chemchemi za moto zilizo chini ya ziwa. Jina la Hecky limo katika kazi zote mbili.

Hakuna ukinzani wa moja kwa moja hapo, kwa kuwa moja inasoma mikondo ya tope na nyingine inasoma chokaa. Ila zikisomwa pamoja zinafundisha jambo ambalo kila moja peke yake haiwezi kulifundisha: mche mmoja wa tope una wasemaji kadhaa. Mabadiliko ya rangi au ya chokaa, ambayo katika ziwa jingine yangehesabiwa kuwa ishara ya ukame au mvua, hapa yanaweza kuwa sauti ya moto ulioko ardhini. Msomaji anayezungumzia Kivu kama chombo kimoja kinachopima mvua anawanyamazisha wasemaji wengine.

Sitiari iliyozoeleka katika uandishi wa taaluma hii, ya ziwa kuwa kitabu na matabaka kuwa kurasa zake, inachangia tatizo hilo. Kitabu kina mwandishi mwenye nia, na kurasa zake zimepangwa ili zisomwe. Tope halina nia. Mkondo mkali hukwangua matabaka yaliyotangulia kabla ya kuweka lake, hivyo tukio kubwa kabisa linaweza kuwa ndilo lililofuta ushahidi wa yale yaliyolitangulia. Sitiari ya baraza la mashahidi ingefaa zaidi: kila shahidi aliona kitu, hakuna aliyeona vyote, na baadhi yao waliondoka kabla ya kuulizwa.

Lugha za eneo hili zina akiba ya kusaidia. Mkulima wa Rusizi anayezungumza Kinyarwanda hutenga umwuzure, yaani maji yaliyojaa na kufunika. Isuri, yaani udongo unaochukuliwa na maji kutoka shambani. Na inkangu, yaani kipande cha mlima kinachoporomoka. Katika Kiswahili cha habari za kila siku, maafa ya msimu wa mvua mara nyingi hukusanywa chini ya neno mafuriko, ingawa Kiswahili nacho kina mmomonyoko na maporomoko ya ardhi. Mtengano huo una maana ya kisayansi. Umwuzure wa mto huelekea kuacha tabaka ambalo chembe zake hukua maji yanapoongezeka na kupungua yanapotulia, pamoja na vipande vya mimea ya nchi kavu, nalo hufuatika hadi mlangoni mwa mto. Isuri huonekana kama ongezeko la polepole la udongo wa vilimani kwa miaka mingi, na mara nyingi huhusiana na ukataji wa misitu na kilimo. Inkangu huacha mchanganyiko usiopangika wa mawe na udongo karibu na ufuko. Tetemeko, kwa upande wake, huweza kuporomosha miteremko ya pande kadhaa za ziwa kwa wakati mmoja, na tope lake kwa kiasi kikubwa ni la ziwa lenyewe. Dalili hizi si kanuni zisizo na mwachano, lakini mtafiti asiyezitenga kwa jina hatazitafuta kwa darubini.

5.0 Saa inayotangulia

Swali la tatu ni la wakati. Kaboni 14 hupungua kwa kasi inayojulikana tangu kiumbe kinapokufa, na ndiyo inayoifanya iwe saa. Saa hiyo huchukulia kwamba kiumbe kilipata kaboni yake kutoka hewani. Katika Kivu dhana hiyo haikidhi haja. Kina cha ziwa hili, ambacho hufikia mita 485 hivi, kimehifadhi takriban kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni dayoksaidi na 60 za methani, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo dayoksaidi hutoka katika volkano. Kaboni ya volkano haina tena kaboni 14. Mwani unaokula kaboni hiyo huzaliwa ukiwa tayari unaonekana mzee.

Matokeo yake ni kwamba tope lililopimwa umri kwa mabaki ya viumbe vya ziwani linaweza kuonekana la kale kuliko lilivyo. Isitoshe, tofauti hiyo haiwezi kuondolewa kwa kutoa idadi moja ya miaka, kwani kiasi cha kaboni ya kale kilichofika juu kilitegemea namna maji ya chini na ya juu yalivyochanganyika katika kila kipindi. Jani la mti lililoanguka na kuzikwa ndani ya tabaka ni shahidi bora, kwa sababu lilivuta kaboni kutoka hewani. Hivyo basi, orodha yoyote ya mafuriko ya kale ya Kivu inapaswa kueleza, kwa kila tarehe, ilipimwa kwa kitu gani. Dai kwamba mafuriko ya mto fulani yalikwenda sambamba na kipindi cha mvua kilichobainishwa katika ziwa jingine huwa jepesi sana ikiwa saa ya Kivu inaweza kutofautiana na ile nyingine kwa karne kadhaa.

6.0 Mizani ya matukio yanayojulikana

Uhakiki ungekuwa nusu ya kazi kama ungeishia kwenye shaka. Katika maziwa ya milima ya Alps, watafiti huanza na matabaka ya juu kabisa na kuyalinganisha na mafuriko yaliyoandikwa katika kumbukumbu na kupimwa na vituo. Tabaka likilingana na tukio linalojulikana, sura yake hutumiwa kulitambua la kale. Bonde la Kivu lina uwezo wa kufanya vivyo hivyo, pengine kwa ukamilifu zaidi, kwa kuwa katika kipindi kifupi limepatwa na matukio ya aina tatu tofauti.

Mnamo Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma na kuingia ziwani. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi lilizikumba Bukavu, Rusizi na Nyamasheke na kuua watu kadhaa. Mapema Mei 2023, mvua iliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, hasa katika Mkoa wa Magharibi, ambako Sebeya ulifurika. Siku moja au mbili baadaye, mafuriko na maporomoko ya Kalehe yaliua zaidi ya watu 400, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikaharibiwa vibaya. Moto, mtetemeko na maji: kila kimoja kina tarehe, mahali na mashahidi walio hai.

Miche mifupi ya tope kutoka mbele ya Sebeya, ufukoni mwa Kalehe na katika ghuba za kusini karibu na Kamembe ingeweza kuonyesha kama matukio hayo matatu yanatofautishika. Yakitofautishika, matabaka ya miaka 2,000 au 8,000 iliyopita yatapata mizani. Yasipotofautishika, hilo nalo ni tokeo la kuchapishwa, kwa kuwa litawazuia wahandisi kuchukua idadi ya matabaka na kuigeuza kuwa idadi ya mafuriko. Mhandisi aliyehesabu mitetemeko kuwa mafuriko atajenga mlango wa maji mkubwa kuliko unaohitajika na kusahau msingi unaostahimili mtikisiko. Aliyefanya kinyume chake atakosea upande wa pili. Kwa wakazi wa bonde, makosa hayo mawili hayalingani na kosa la chapa katika jarida.

Suala la gesi linaongeza uzito. Ikiwa mikondo mizito ya tope inaweza kufika kwenye maji ya chini yaliyobeba gesi, basi kujua ni mara ngapi ilitokea, na kwa sababu gani, ni sehemu ya kujua usalama wa watu wanaoishi kandokando ya Kivu. Janga la Ziwa Nyos nchini Kameruni mwaka 1986, lililoua watu wapatao 1,700, lilitoka katika ziwa dogo mno kulinganishwa na hili.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba usomaji wa mashapo ya Kivu kama historia ya mafuriko ya Rusizi unahitaji kusahihishwa katika mambo matatu. Mto utofautishwe na ziwa unakotoka, na ushahidi wake utafutwe Bugarama na katika delta ya Tanganyika. Tabaka lielezwe kwanza kwa sura yake, na sababu yake itajwe baada ya kulinganishwa na matukio yanayojulikana. Tarehe itolewe pamoja na jina la kitu kilichopimwa.

Kwa upande wa Kiswahili, ambacho Bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kazi iliyopo ni ya kutenga istilahi mapema, kabla tafsiri za haraka hazijazoeleka. Inapendekezwa kwamba mafuriko litumike kwa maji ya mto yaliyovuka kingo zake. Kufurika kwa ziwa kwa tukio kama lile lililouzaa Rusizi. Mmomonyoko na maporomoko ya ardhi kwa maana ambazo Kinyarwanda huzitenga kwa isuri na inkangu. Na tabaka la mkondo wa tope kwa kile kinachoonekana katika mche kabla sababu yake haijathibitishwa. Istilahi hiyo ya mwisho ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu inampa mtafiti jina la kutumia wakati bado hajui. Ni vyema ripoti za tafiti hizi zifike Kamembe na Bugarama kwa lugha zinazosomwa huko, ili wale waliouona mto ukipanda wapate nafasi ya kusema kama kilichoandikwa kinafanana na walichokiona.